Saini ya Bi Povu

Mtaani kwetu kuna nyumba kumi na nane, na kumi na saba kati ya hizo zilitia saini siku ileile fomu ilipoletwa. Yangu ilikuwa ya tatu. Sikuisoma. Mimi ni kinyozi, duka langu ni chumba cha mbele cha nyumba yangu, na wakati ule nilikuwa na mteja kitini, mashine inanguruma mkononi. Msimamizi wa kampuni akasimama mlangoni, akaninyooshea kalamu kama mtu anayenipa maji ya kunywa. Nikaandika jina langu, nikarudi kwenye kichwa cha watu.

Nyumba ya kumi na nane ni ya Bi Povu, na habari hii ni yake.

Jina hilo alilipata kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kazi: yeye ni dobi, na maji ya kufulia yakitoka uani kwake hupita mferejini mbele ya duka langu yakiwa meupe kama maziwa. Ya pili ni mdomo. Ukimchokoza, anatoa povu mpaka utafute mlango. Mwenyewe halichukii. Husema jina alilopewa na wazazi wake ni zuri, lakini halijawahi kumletea mteja hata mmoja.

Nyumba zetu zote zimejengwa kwa ramani moja. Mbele ni baraza na barabara. Nyuma ni uani, mrefu na mwembamba, na mwisho wake kuna banda la bati. Wengine banda wamelifanya jiko, wengine stoo. Kwa Bi Povu banda ndilo ofisi. Humo mna mabeseni, mashine ya kufulia aliyoinunua ikiwa imeshatumika, meza ya kupigia pasi iliyovishwa blanketi kuukuu, na kigoda cha mume wake. Mume wake alikuwa fundi saa mpaka upande wake wa kushoto ulipopooza. Sasa anakunja foronya kwa mkono mmoja, na anazikunja vizuri kuliko sisi wenye miwili. Kati ya nyumba na banda zimepita kamba saba, na juu ya kamba hizo hukauka mashuka ya nyumba ya wageni, makoti ya zahanati, na nguo za kila mtu mtaani ambaye hana muda.

Ukimsalimia kwa mkono utaiona ngozi yake. Imebabuka tangu ujanani, ina mabaka meupe hadi kwenye kiwiko. Akiwa na miaka ishirini na miwili alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa. Dawa ya kung'arisha mashuka ilikuwa kali, inakula vidole. Siku moja likaletwa daftari: kila mfanyakazi atie saini kwamba amepokea glavu. Glavu zenyewe hakuna aliyeziona. Wenzake wakasaini. Yeye akauliza ziko wapi. Akaambiwa zinakuja.

"Basi zikija," akasema, "na kalamu yangu itakuja."

Wiki haikuisha, unga ukamwagika. Akatoka hotelini na mikono ile, akanunua beseni moja na mche wa sabuni, akaanza kufua nyumba kwa nyumba. Hajawahi kuajiriwa tena.

Mpango ulipotangazwa, sote tulishangilia. Serikali ingelipa robo tatu ya gharama ya paneli za jua, betri na inveta ya kugeuza umeme wake utumike nyumbani, na mwenye nyumba angemalizia robo. Masharti yalikuwa machache: nyumba ikaguliwe kwanza, nyaya chakavu zitolewe, na taa za zamani zibadilishwe ziwekwe zile zinazokula umeme kidogo. Tulipewa na kijitabu. Mimi changu nilikitumia kuegeshea kioo kisiyumbe. Bi Povu alikisoma chake kwa jioni nne, kidole kikitembea chini ya kila mstari, mume wake akimuuliza maswali kama mkaguzi wa shule.

Alikuwa na sababu. Umeme wetu hukatika mchana, saa ambazo pasi inahitajika. Mara mbili alichelewesha mashuka ya nyumba ya wageni, na mama msimamizi wa pale alimwambia waziwazi kwamba mara ya tatu atamtafuta dobi mwingine. Kwa hiyo mkaguzi alipokuja akasema nyaya za banda hazifai, Bi Povu hakubishana. Aling'oa zote, akaweka mpya. Alibadilisha taa hata ya chooni. Alipita ukaguzi kabla yetu sote, na karatasi yake ya kupita akaibandika ukutani juu ya meza ya pasi.

Sasa lipo jambo moja ambalo mtu lazima alijue. Ng'ambo ya barabara, miaka miwili nyuma, liliota jengo la ghorofa tano. Tangu limalizike, ikifika saa nane na nusu mchana linatumwagia kivuli mbele ya nyumba zetu zote. Sisi wengine tulifurahi, mabaraza yamepoa. Bi Povu alikasirika, maana zamani alikuwa na kamba mbili pale mbele. Akazihamishia uani. Nyuma kule jua linaingia asubuhi na mapema na halitoki mpaka saa kumi imepita. Yeye anaijua njia ya jua uani kwake kama mimi ninavyoijua njia ya wembe kidevuni.

Mafundi walikuja wiki moja kabla ya uzinduzi, wengi, na ngazi zao, na haraka zao. Siku walipofika kwa Bi Povu yeye alikuwa amepeleka makoti zahanati. Aliporudi, saa tano hivi, paneli nne zilikuwa zimeshafungwa juu ya bati la mbele, linalotazama barabara, zinameta. Alisimama katikati ya barabara na kapu lake kichwani, akazitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa mlangoni pangu. Nilidhani anafurahi.

"Nani kawaambia muweke huku?" akauliza.

Msimamizi akashuka ngazi. Alikuwa mtu mpole, kofia ya plastiki ya manjano, shati limechomekewa. "Mama, huku ndiko mbele."

"Mbele kwa nani? Jua si mgeni, haliingii kwa mlango wa mbele. Wekeni juu ya banda, kule nyuma."

"Mama, barabara hii ni ya mfano. Mgeni rasmi atapita hapa siku ya uzinduzi. Anatakiwa azione."

"Ahaa. Kwa hiyo zimekuja kuuza sura."

Mafundi wawili juu ya bati wakacheka. Msimamizi hakucheka. "Zitafanya kazi, mama, usiwe na wasiwasi. Huoni jua lote hilo?"

"Naliona. Nakuuliza linaondoka saa ngapi."

Akatazama juu, akatazama saa yake, akatazama juu tena. Hakujua. Tangu waanze kufunga paneli mtaani kwetu walikuwa wakimaliza kazi saa saba na kwenda kula.

"Saa nane na nusu," Bi Povu akamwambia. "Na asubuhi halijai upande huu mpaka saa tatu, linakuja kwa mgongo. Nenda nyuma ukaone mwenyewe."

"Kwenda nyuma ni waya mrefu, mama. Waya huo haumo kwenye hesabu yetu."

"Hapo sasa umesema ukweli. Ungeanza na huo."

Ndipo msimamizi akamtolea fomu. Bi Povu akatua kapu, akafuta mikono kwenye kanga, akaisoma pale pale barabarani, kidole chini ya mstari, kwa sauti. Alipofika mwisho akarudia: "'Kazi imekamilika na mwenye nyumba ameridhika.' Nani amekwambia nimeridhika?"

"Ni maneno ya fomu tu, mama."

"Na mimi ni mtu tu. Sijaridhika." Akamrudishia karatasi yake na kalamu yake, akabeba kapu, akaingia ndani.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Mpango ulikuwa hauwalipi makandarasi nyumba kwa nyumba, uliwalipa mtaa kwa mtaa. Saini moja ikikosekana, mtaa mzima haujakamilika. Jioni ileile mwenyekiti wa mtaa alikuwa barazani kwa Bi Povu. Huyu ni mtu mnene, mwenye sauti ya kuombea kura hata akikuomba kiti. Alianza kwa upole, akaenda kwa ukali, akaishia kwa vitisho.

"Ukikataa nitaandika kwamba umejitoa kwenye mpango," akasema.

"Andika. Ila uandike na sababu, mwenyekiti. Na uniletee niisome."

"Unautia mtaa aibu!"

"Mtaa ndio umetiwa kivuli."

Mume wake alikuwa kwenye kigoda, foronya mapajani. Mwenyekiti akamgeukia. "Shemeji, zungumza na mkeo."

Yule mzee alikunja foronya, akailaza juu ya zingine, akasema kwa ulimi wake mzito, "Nimeishi naye miaka thelathini na moja. Akipiga kelele, usiogope. Angalia siku akinyamaza."

Kesho yake tulikwenda sisi majirani. Watu watano, na mimi mmoja wao, na siwezi kusema nililazimishwa. Tulikuwa tunaogopa. Zilikuwa zimeenea habari kwamba kampuni itang'oa kila kitu ikahamie mtaa wa pili. Mke wangu alinionya nisiende. Alisema, "Dada wa watu anadai haki yake, wewe unakwenda kufanya nini?" Nikatia pamba masikioni.

Nikasimama mbele ya kamba zake nikamwambia, "Dada, tia saini tu. Yakishapita, utarekebisha mwenyewe taratibu."

Alikuwa anakamua shuka. Hakuacha kukamua. "Kinyozi, mteja akikaa kitini kwako ukamnyoa upande mmoja, ukamwambia tia saini kwamba umenyolewa, ule mwingine utanyoa mwenyewe taratibu, atakulipa?"

Wenzangu wakacheka, hata waliokuja kumshawishi. Nilirudi dukani nimefura.

Siku mbili baadaye jambo likanikuta hasa. Umeme wa kawaida ulikatika tangu asubuhi. Mimi sikujali, nilikuwa na paneli juu ya bati na betri mpya ukutani. Saa kumi na moja jioni akaja mwalimu mkuu wa shule ya msingi, anataka kunyolewa, kesho yake ana kikao na wazazi. Nilikuwa nimeshapita upande wa kulia wote. Mashine ikaanza kulia kama nzi aliyeingia chupani, ikapungua, ikanyamaza. Taa ya inveta ikawa nyekundu. Nikagusa hiki, nikagusa kile. Nikamwambia mwalimu kwamba mashine imezeeka.

"Mashine hii uliinunua mwezi uliopita," akasema. "Ulinionyesha na boksi lake."

Nilimalizia kwa mkasi, kichwa kikatoka kama shamba lililolishwa na mbuzi. Mwalimu alijitazama kwenye kioo, akaomba kofia yangu, akatoka bila kuaga. Nilitoka nje nikatazama paneli zangu. Zilikuwa kwenye kivuli, bila shaka tangu saa nane na nusu, kama Bi Povu alivyosema. Kila siku nilikuwa ninapita chini yake. Sikuwahi kuinua macho.

Usiniulize kama nilimfuata Bi Povu kumwomba radhi. Sikwenda. Niliona haya, na haya hiyo ikanifanya nimkwepe.

Uzinduzi ulipangwa saa nane mchana. Barabara ilifagiwa tangu alfajiri, mahema yakasimamishwa, utepe ukafungwa kutoka nguzo hadi nguzo. Mwenyekiti alipita nyumba kwa nyumba kutuagiza tuvae vizuri na tusiongee isipokuwa tumeulizwa. Kwa Bi Povu hakupita. Alimtumia ujumbe tu kwamba siku hiyo asianike kitu mbele.

Mgeni rasmi akachelewa. Saa nane ikapita. Ilipogonga nane na nusu, Bi Povu akatoka ndani na shuka moja jeupe, limekamuliwa, na kipande cha kamba. Akafunga kamba kutoka nguzo ya baraza hadi kwenye dirisha, akalitundika shuka lile mbele ya nyumba yake, mbele ya mahema, mbele ya wote. Kisha akaingia uani, na mimi niliyekuwa jirani nilimwona kwa juu ya ukuta akitundika shuka la pili, pacha wa lile la kwanza, kwenye kamba iliyo karibu na banda.

Mwenyekiti akamjia mbio, tumbo limemtangulia. "Toa kitambaa hicho!"

"Baraza ni langu."

"Mgeni anakuja!"

"Atakuta nafua. Ndiyo kazi yangu, sikuiba."

Akataka kulivuta. Bi Povu akasimama kati yake na shuka, mikono yake ile yenye mabaka imefungwa kifuani, na hakusema neno. Mzee wa kigoda alikuwa mlangoni. Alisema tu, "Mwenyekiti, amenyamaza." Mwenyekiti akarudi nyuma hatua mbili.

Magari yakafika saa tisa na nusu. Mgeni rasmi akashuka, ngoma ya spika ikapigwa, makofi, maua. Akatembea katikati ya barabara akitabasamu, na pembeni yake mhandisi wa mpango, mwanamke wa makamo mwenye viatu vya vumbi na faili kwapani. Mpiga picha akatangulia mbele kutafuta mahali pa kusimama. Akapiga magoti, akainuka, akahama upande, akahama tena. Mwishowe akasema kwa sauti, bila ubaya wowote, mtu wa kazi anayelalamikia kazi yake:

"Mheshimiwa, paneli hazionekani. Zote zipo kivulini."

Watu wakainua macho. Nyumba kumi na nane, paneli nne nne, na jua halikugusa hata moja. Jengo la ghorofa tano lilikuwa limeketi juu yetu kama kuku juu ya mayai.

Mgeni rasmi akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akamtazama msimamizi. Msimamizi akavua kofia akaipangusa. Bi Povu ndiye aliyesema.

"Mheshimiwa, shikamoo. Naomba ushike shuka hili."

Walinzi wakasogea, lakini mgeni, sijui kwa adabu au kwa kukosa la kufanya, akalishika. Mkono wa shati ukamlowa.

"Limekuwa hapo saa nzima," Bi Povu akasema. "Sasa nifuate uani ushike mwenzake. Tumeyatoa kwenye beseni moja, yamekamuliwa na mikono hii hii."

Mgeni alisita. Aliyekwenda ni mhandisi. Alipita nyumbani kwa Bi Povu mpaka nyuma, na sisi tukachungulia juu ya kuta kama watoto. Alilishika shuka la pili, akalikunja kidogo kiganjani, akaliachia. Lilikuwa limekauka, linapepea. Akainua uso, akatazama jua juu ya banda, akatazama saa yake. Kisha akakaa juu ya beseni lililopinduliwa, akafungua faili.

"Mchoro wangu ulikuwa wa paa la nyuma," akasema.

"Sasa nani aliuleta mbele?" Bi Povu akamuuliza.

Mhandisi angeweza kusema chochote. Alisema, "Walinipigia simu wakaniuliza kama wanaweza kusogeza. Nikasema sawa. Sikuja kuangalia."

Bi Povu akalivuta kambani shuka lile kavu, akaanza kulikunja. "Haya. Wewe angalau umesema."

Msifikiri mambo yalimalizika pale. Mgeni alikata utepe vilevile, akasoma hotuba yake vilevile, akaondoka, na picha iliyotoka ilikuwa ya utepe. Wiki tatu zikapita kimya. Ya nne, wakaja mafundi wawili na barua: kwa kuwa mwenye nyumba amekataa kupokea mradi, kampuni inachukua vifaa vyake. Nilimwona Bi Povu akiisoma barua kwa kidole. Nilijua sasa litalipuka.

"Chukueni," akasema. "Mmenipunguzia kazi ya kuzishusha. Ila mniandikie hapa kwamba mmechukua paneli nne, betri moja na inveta moja, na mtie saini nyinyi."

Wakatazamana. Mmoja akasema hawana ruhusa ya kusaini.

"Basi hamna ruhusa ya kubeba."

Wakaketi barazani kwake, wakapiga simu, wakanywa maji yake, wakapiga simu tena. Saa kumi wakakunja ngazi wakaondoka mikono mitupu. Paneli zikabaki juu ya bati, hazijaunganishwa popote, na Bi Povu akaendelea kupiga pasi umeme unapokuwepo na kukesha akiusubiri unapokatika. Yule mama wa nyumba ya wageni akamwondoa kweli. Nusu ya kazi yake ikaenda. Nilimwona akikunja kamba tatu kati ya saba, maana hakukuwa na cha kuanika. Mke wangu akampelekea mashuka yetu yote, hata yaliyokuwa safi. Alijua, akayapokea, akayafua.

Siku moja nikaenda mwenyewe. Nilimkuta anasugua kola. Nikamwambia, "Dada, nilikosea."

"Ulikosea lini? Ulipotia saini au ulipokuja kuniambia nitie?"

"Zote mbili."

"Na kichwa cha mwalimu?"

Kumbe alikuwa anajua. "Na hicho," nikasema. Akacheka mpaka akaegemea beseni, na mzee wake akacheka kwa upande mmoja wa uso.

Mhandisi alirudi mwezi wa pili baada ya uzinduzi, bila mgeni wala mpiga picha, na mafundi wengine na waya mrefu. Paneli za Bi Povu zikapanda juu ya banda. Alisimama chini wakati wote, akawaelekeza pembe ya kuinamisha kama anayewapangia kamba. Walipomaliza akapiga pasi makoti sita mfululizo, kisha akasubiri. Saa tisa ikapita, pasi ina moto. Saa kumi, bado. Ndipo akaomba fomu, akaisoma upya yote, akatia saini kwa herufi kubwa zilizolala, akaomba nakala.

Tukabaki sisi kumi na saba. Tulipoandika malalamiko, jibu la kampuni lilikuwa fupi: mmesaini kwamba mmeridhika. Nani wa kumkimbilia? Tukajaa uani kwake. Alituacha tusimame kidogo, na alistahili. Halafu akatuambia kila mtu aandike, siku kumi na nne mfululizo, saa ambayo jua linafika kwenye paneli zake na saa linapoondoka. "Msiandike kwamba mnaumia," akatuonya. "Wameshazoea watu wanaoumia. Andikeni saa." Tuliandika. Mimi nilikuwa natoka na wembe mkononi kutazama bati. Nyumba kumi na saba tukatoa karatasi kumi na sita, na Bi Povu akazipeleka kwa mhandisi mkononi, akamsubiri azigonge muhuri moja moja.

Ilichukua miezi saba. Nyumba kumi na moja zimehamishiwa paneli nyuma, yangu ikiwemo, na sasa nanyoa mpaka saa tatu usiku bila kuomba radhi kwa mtu. Tano bado zinazungushwa. Ya kumi na saba ni ya mwenyekiti, ambaye hakuandika. Anasema ameridhika. Jioni utamwona barazani anajipepea kwa gazeti.

Mwezi uliopita ikatangazwa awamu ya pili: ukipeleka friji au pasi ya zamani, unapewa inayokula umeme kidogo kwa nusu ya bei. Orodha ikabandikwa ofisini. Mtaa wetu tupo wote, isipokuwa nyumba moja. Mwenyekiti ndiye aliyepeleka majina.

Bi Povu aliposikia, alivua aproni, akavaa gauni lake la kijani, akatia kwenye mkoba kijitabu, karatasi ya ukaguzi na nakala ya fomu. Safari hii nilifunga duka nikaenda naye. Ofisi ilikuwa na benchi moja, feni iliyosimama, na karani nyuma ya dirisha la kioo.

Karani akapitisha kidole kwenye orodha, juu mpaka chini. "Mama, jina lako halipo."

"Najua halipo. Ndiyo maana nimekuja."

"Njoo wiki ijayo, mhusika yupo safarini."

"Atarudi lini?"

"Sijui, mama."

Bi Povu akaniangalia, akaniashiria nimpishe nafasi, akaketi kwenye benchi kando yangu. Akavua viatu, akavipanga chini kisigino kwa kisigino, akafungua kijitabu ukurasa wa kwanza, kidole chini ya mstari. Karani akatutazama kupitia kioo, akaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi. Mimi pia nikavua viatu.